Kompyuta Ndogo ya Mwaka 1982 na Somo Lake Kwetu

Muhula uliopita wanafunzi wa Kidato cha Pili waliniuliza swali ambalo nimeona lafaa kujibiwa katika gazeti letu, ili wengine nao wafaidike. Waliuliza, "Mwalimu, kabla ya simu hizi za kisasa, kompyuta zilizoingia nyumbani mwa watu wa kawaida zilikuwaje, na zilifanya kazi gani?"

Kompyuta za namna hiyo zilikuwa nyingi, lakini hapa nitaeleza moja tu, nayo ni ZX Spectrum iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1982. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mashine ndogo, na hesabu zake zote mwanafunzi aweza kuzihakikisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Pili, ina somo linalotuhusu sisi wa Ibaba, ambao kompyuta zetu ni chache na zamu ya kila mmoja ni fupi.

KOMPYUTA ZILIPOKUWA KUBWA

Kwa miaka mingi kompyuta haikuwa kitu cha nyumbani. Ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, wenye mafundi wake na umeme mwingi. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo uliingia Tanzania mwaka 1965, ukafungwa katika Wizara ya Fedha. Uliitwa ICT 1500, kwa jina la kampuni ya Uingereza iliyouuza. Ulipofika mwaka 1974, nchi nzima ilikuwa na kompyuta 7 tu.

Mwaka huo huo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vyombo vinavyoambatana nazo, na televisheni pia. Kuhamishia hesabu za Serikali katika mitambo hiyo kulikuwa kumeleta matatizo na gharama, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Masharti hayo yalikuja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na baadaye. Msomaji aiweke habari hii akilini, maana tutairudia.

JINSI ILIVYOPATA KUWA NDOGO

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kuuza kipande kidogo cha silikoni, kisichozidi ukucha kwa ukubwa, ambacho ndani yake mna sehemu nzima ya kompyuta inayopiga hesabu na kutoa amri. Kipande hicho huitwa prosesa. Mwaka 1976 kampuni nyingine ya Marekani, Zilog, ilitoa prosesa iitwayo Z80, nzuri na ya bei nafuu. Tangu hapo iliwezekana kompyuta nzima kukaa juu ya meza.

Huko Uingereza alikuwako mtu aitwaye Clive Sinclair, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 2021. Kabla ya hapo alikuwa akiuza redio ndogo na mashine za mfukoni za kupigia hesabu. Mwaka 1980 kampuni yake ilitoa kompyuta ya ZX80, iliyouzwa kwa bei isiyofika pauni 100. Mwaka 1981 ikafuata ZX81, kwa pauni 69 na senti 95. Zote mbili zilionyesha rangi nyeupe na nyeusi tu, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1. Ndipo tarehe 23 Aprili 1982 ikatolewa Spectrum. Vyombo vyake vya ndani vilipangwa na Richard Altwasser, lugha yake iliandikwa na Steve Vickers, na umbo lake la nje lilichorwa na Rick Dickinson. Ziliundwa katika kiwanda cha Timex mjini Dundee, Uskoti. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 pauni 175.

UMBO LAKE

Spectrum ilikuwa kisanduku cheusi chenye urefu wa sentimita 23 hivi, upana wa sentimita 14 na unene wa sentimita 3, yaani karibu sawa na kitabu cha kiada. Juu yake palikuwa na vitufe 40 vya mpira laini. Haikuwa na kioo chake yenyewe. Mwenye nayo aliiunganisha kwa waya na televisheni ya nyumbani, akaiunganisha pia na redio kaseti ili kuhifadhi kazi yake. Ndiyo maana bei ilikuwa ndogo: vile vyombo viwili vya gharama, watu wa Uingereza walikuwa navyo tayari majumbani.

HESABU YA KUMBUKUMBU

Kumbukumbu ya kompyuta hupimwa kwa baiti. Baiti moja yatosha kuweka herufi moja. Kila baiti ina biti 8, na biti ni tarakimu moja tu, ama 0 ama 1. Baiti 1,024 hufanya kilobaiti moja.

Spectrum kubwa ilikuwa na kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kudumu, kilobaiti 16, isiyofutika umeme ukikatika. Humo iliandikwa lugha ya mashine kiwandani. Ya pili ni ya muda, kilobaiti 48, ambamo mtumiaji aliweka kazi yake. Umeme ukikatika, yote iliyomo ilifutika.

Ukijumlisha 16 na 48 wapata kilobaiti 64, yaani baiti 65,536. Hesabu hii haikuja kwa bahati. Prosesa ya Z80 hutaja anwani ya kila baiti kwa kutumia nyaya 16, na kila waya una hali mbili tu, ama una umeme ama hauna. Sasa zidisha 2 kwa 2 mpaka utumie 2 hizo mara 16, nawe utapata 65,536. Basi kila anwani ilikuwa na baiti yake, wala hapakubaki nafasi hata moja.

Je, kilobaiti 48 ni nyingi au chache? Ni baiti 49,152. Tuseme ukurasa wa daftari lako waingia herufi 1,000. Basi kumbukumbu yote ni kurasa 49, yaani daftari dogo moja. Simu ya kisasa yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaishinda Spectrum kwa zaidi ya mara 87,000. Na katika daftari hilo moja watu waliandika michezo, mashine za kuandikia barua, masomo ya hesabu na hata daftari za maduka.

PICHA NA RANGI

Picha ya Spectrum ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu. Zizidishe, nawe utapata nukta 49,152. Angalia, ndugu msomaji: idadi hiyo ni sawasawa na baiti zote za kumbukumbu ya muda! Kama kila nukta ingalipewa baiti moja ya rangi, picha ingalimeza kumbukumbu yote, na programu ingalikosa pa kukaa.

Mafundi walifanyaje? Kwanza, kila nukta waliipa biti moja tu ya kusema kama imewaka au haikuwaka. Gawanya 49,152 kwa 8, ni baiti 6,144. Pili, rangi hawakuitoa kwa kila nukta. Waliigawa picha katika miraba midogo ya nukta 8 kwa 8, ikawa miraba 32 kwa upana na 24 kwa urefu, yaani 768. Kila mraba ukapewa baiti moja ya kutaja rangi mbili tu, moja ya wino na moja ya karatasi. Jumla ni baiti 6,144 na 768, yaani 6,912. Zilizobaki kwa kazi nyingine ni 42,240, ukitoa chache ambazo mashine ilizitumia kwa shughuli zake.

Hila hiyo ilikuwa na kasoro yake. Kama katika mchezo ndege mwekundu alipita mbele ya mti wa kijani, wote wawili walikuwa ndani ya mraba mmoja wa wino mmoja, basi ama ndege aligeuka kijani ama jani liligeuka jekundu. Waandishi wa programu walijifunza kuipanga picha ili kasoro isionekane. Upungufu uliwalazimisha kutumia akili.

Rangi zenyewe zilikuwa 8. Televisheni huchanganya taa tatu, nyekundu, kijani na bluu. Kila taa ama yawaka ama haiwaki, na 2 × 2 × 2 ni 8. Ziliweza pia kung'arishwa, isipokuwa nyeusi, ambayo hubaki nyeusi.

KASETI ILIYOBEBA HESABU

Programu ilihifadhiwa katika kaseti za kawaida, kama zile ambazo wazazi wetu walisikilizia nyimbo za kwaya na za dansi. Mashine iligeuza biti kuwa mlio. Mlio wa 1 ulikuwa mrefu mara mbili ya mlio wa 0. Ukiucheza katika redio wasikia kelele kali ya kukwaruza masikio, lakini Spectrum iliusikiliza na kuurudisha kuwa tarakimu.

Kwa wastani zilipita biti 1,500 kwa sekunde. Picha moja ya baiti 6,912 ina biti 55,296, kwa hiyo iliingia kwa sekunde 37 hivi. Kujaza kumbukumbu yote kulichukua zaidi ya dakika 4. Ikiwa kaseti ilichakaa, au sauti ya redio ilipunguzwa mno, mwenye mashine alianza tena tangu mwanzo.

JINSI ILIVYOAMRISHWA

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Ulipoiwasha Spectrum, hukuona picha za kuchagua kama katika simu. Uliona kioo cheupe kitupu, na chini yake jina la kampuni na mwaka 1982. Mashine ilikungoja wewe useme neno. Usipoipa amri, haikufanya lolote.

Lugha ya kuiamrisha iliitwa BASIC. Iliundwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, ili wanafunzi wasiosoma sayansi nao waweze kutumia kompyuta. Huu hapa mfano. Tuseme mkulima wa Ibaba amepeleka magunia matatu ya kahawa kwenye mizani, naye ataka kujua jumla ya kilo zake.

10 LET jumla=0
20 FOR s=1 TO 3
30 INPUT uzito
40 LET jumla=jumla+uzito
50 NEXT s
60 PRINT jumla

Mstari wa 10 wasema jumla ianze na sifuri. Wa 20 wasema kazi ifuatayo ifanywe mara 3. Wa 30 huuliza uzito wa gunia. Wa 40 huongeza uzito huo katika jumla. Wa 50 hurudi kwa gunia linalofuata, na wa 60 huonyesha jibu. Kama magunia ni kilo 52, 47 na 50, basi jumla itakwenda hivi: 0, halafu 52, halafu 99, halafu 149.

Mistari hupewa namba 10, 20, 30 wala si 1, 2, 3, ili ukisahau jambo uweze kuliingiza katikati kwa namba kama 35. Tena, juu ya Spectrum hukuandika neno zima. Kitufe cha P kilitoa PRINT, cha L kilitoa LET, cha F kilitoa FOR.

Sasa ufute mstari wa 10. Mtu mwenye akili angejua kwamba jumla huanza na sifuri. Lakini mashine haikisii. Ikifika mstari wa 40 itasimama na kutoa taarifa kwamba jina hilo haliioni, nayo itautaja mstari wenyewe. Haikasiriki wala haikusifu. Inakuonyesha tu mahali ulipoacha kufikiri mpaka mwisho. Kwa maoni yangu, huo ndio ualimu mkubwa wa mashine ile.

KWA NINI HAIKUTUFIKIA

Huenda msomaji atauliza, "Je, mwaka 1982 ilikuwako Ileje?" Tukumbuke ilihitaji vitu vitatu: umeme, televisheni na redio kaseti. Wilaya yetu wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya, na chombo cha habari kilichojulikana milimani huku kilikuwa redio ya betri, watu wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya 1990. Uongeze juu yake marufuku ya mwaka 1974. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo watoto wa Uingereza walikuwa wakiandika programu sebuleni, kijana wa Ibaba hakuwa na mlango wa kupitia. Wenzetu wa Kenya walitangulia kidogo: katika miaka ya 1980 Aga Khan Foundation ilianzisha huko mradi wa kuingiza kompyuta katika baadhi ya shule za sekondari.

Hata hivyo tusiseme kwamba walionyimwa mashine wote walikaa mikono mitupu. Katika Muungano wa Kisovieti na nchi za Ulaya ya Mashariki, Spectrum haikuuzwa kwa wingi madukani. Mafundi wa huko waliichunguza, wakaunda nyingi zinazofanana nayo kwa vipande walivyoweza kuvipata.

Spectrum zenyewe ziliuzwa zaidi ya milioni 5. Mwaka 1986 Sinclair aliuza haki zake za kompyuta kwa kampuni ya Amstrad kwa pauni milioni 5, na utengenezaji ulikoma mwaka 1992.

SOMO LAKE KWETU

Mashine hiyo imekwisha, lakini matunda yake yangali mikononi mwetu. Nitatoa mfano mmoja. Huko Finland kijana Linus Torvalds alianza kujifunza kwa kompyuta ndogo ya babu yake mzaa mama, nayo ilikuwa VIC-20 ya kampuni ya Commodore. Baadaye alinunua kompyuta nyingine, Sinclair QL, iliyotengenezwa na kampuni ile ile ya Spectrum. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa programu iitwayo Linux. Leo Linux ndiyo kiini cha simu zote za Android, zikiwamo zile ambazo wazazi wenu hupokelea malipo ya kahawa na viazi.

Yatupasa kuuliza: vijana wale walipata nini kwa mashine dhaifu namna ile? Hawakupata nguvu, maana simu yako inaishinda mara elfu nyingi. Walipata mazoea ya kuanza na kioo kitupu. Walizoea kugawa kazi katika hatua, kuziandika kwa utaratibu, na kutafuta kosa lao bila kumlaumu mtu. Simu zetu hazitudai mazoea hayo. Zatupa picha za kugusa, nasi twagusa. Mtu aweza kuitumia simu miaka kumi asiiamrishe hata mara moja.

Lakini mazoea hayo hayahitaji umeme. Wenye Spectrum wengi walijifunza kwa kunakili programu zilizochapishwa katika magazeti, wakizisoma mstari kwa mstari kabla ya kugusa kitufe. Sisi nasi katika chama chetu cha hisabati twafuata kanuni hiyo. Kwanza programu huandikwa katika daftari. Pili, mwenzako huwa ndiye mashine: hufanya yale tu yaliyoandikwa, hata kama yana makosa, wala haruhusiwi kukisia. Tatu, ikishapita kwake, ndipo unapewa dakika zako 10 za kompyuta. Nimeona kwamba mwanafunzi aliyefuata kanuni hii hufanya mengi kwa dakika 10 kuliko yule aliyekaa saa nzima akibonyeza ovyo.

Mwenye kutaka kuijaribu Spectrum yenyewe aweza pia. Mwaka 1999 Amstrad iliruhusu programu yake ya kudumu itolewe bure pamoja na programu za kuiiga, na leo waigizaji hao wako tele kwa simu na kompyuta. Utaona kioo cheupe kile kile, kikikungoja.

Vijana wa Ileje wa mwaka 1982 walifungiwa mlango kwa sababu zisizokuwa zao. Ninyi mlango umefunguliwa nusu: mashine ni chache, lakini maarifa yamo mle mle. Asiwe na hasara ya pili mtu ambaye mlango u wazi mbele yake, naye ameketi kutazama picha.

MASWALI

1. Kompyuta fulani ina nyaya 10 za kutaja anwani. Je, yaweza kutumia baiti ngapi?
2. Picha ina nukta 320 kwa upana na 200 kwa urefu, na kila nukta ina biti moja. Je, yahitaji baiti ngapi?
3. Badilisha programu ya kahawa ili itoe pia wastani wa uzito wa magunia. Mpe mwenzako awe mashine, umpe uzito wa kilo 52, 47 na 50, kisha hakikisha jibu kwa kalamu.
4. Andika katika daftari lako, hatua kwa hatua, kazi moja ya nyumbani kwenu ambayo hesabu yake hurudiwa kila wiki. Ziandike hatua hizo wazi, hata mtu asiyejua lolote aweze kuzifuata asikosee. Ukimaliza niletee. Hiyo ndiyo programu yako ya kwanza.